Kwa nini daktari anayetibu miguu inayowaka moto anakuuliza kuhusu jua?

Je, wajua kwamba mtu mwenye kisukari akilalamika kuwa nyayo zinawaka moto usiku, daktari anaweza kumwuliza, "Kwani wewe huwa unatoka juani?" Wengi hulishangaa swali hilo, maana wamekuja na shida ya miguu, wala hawaumwi ngozi. Daktari anawaza vitamini D, ile ambayo ngozi huitengeneza kwa jua.

Tuanze na miguu yenyewe. Wagonjwa huieleza hali hii vizuri kuliko vitabu: inawaka moto, inachomachoma kama sindano, nakanyaga kama nakanyaga pamba. Wapo pia wasiosikia kitu kabisa, na hao ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu msumari ukipenya kandambili mtu hana habari mpaka aone damu sakafuni. Takriban nusu ya watu wenye kisukari hupatwa na madhara ya neva, yaani mishipa ya fahamu, kadiri miaka inavyokwenda.

Kwa nini vidole vya miguu ndivyo vya kwanza? Uzi wa neva unaotoka kiunoni hadi kwenye kidole gumba hukaribia urefu wa mita moja, na uzi wote huo ni wa seli moja tu. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, sehemu yake hugeuka sorbitoli, aina nyingine ya sukari, na kurundikana ndani ya neva. Wakati huohuo vijimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha neva huharibika. Ncha iliyo mbali zaidi ndiyo inayokosa chakula kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni, ikapanda mguuni kama soksi, na baadaye ikashika mikono.

Vitamini D inaingiaje hapo? Ingawa tunaiita vitamini, mwilini hufanya kazi kama homoni. Ngozi huianzisha inapopigwa na jua, ini huigeuza, kisha figo huimalizia ndipo iwe tayari kutumika. Seli za neva zina vipokezi vyake, na hata zile seli zinazouvika uzi wa neva ala yake zinavyo. Katika majaribio ya maabara, vitamini D imeonekana kuamsha utengenezaji wa protini inayozilea neva na kuzisaidia kukua. Kwa hiyo wazo kwamba upungufu wake unaweza kuiacha neva bila kinga lina msingi.

Na kweli, tafiti nyingi zimekuta kwamba wenye kisukari walioharibika neva huwa na vitamini D kidogo kuliko wenzao ambao neva zao ni nzima. Mwaka 2008 madaktari wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 51 wenye kisukari cha aina ya pili na maumivu ya neva, waliopewa vitamini D kwa sababu walikuwa na upungufu. Baada ya miezi mitatu maumivu yalipungua karibu nusu. Habari njema, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa kidonge kitupu, na maumivu ni kitu ambacho mara nyingi hupungua mtu akihudumiwa tu.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Mtu ambaye miguu inamuuma hatembei. Asiyetembea anashinda ndani, na anayeshinda ndani hapati jua. Basi kipi kilitangulia, upungufu au maradhi? Tena mwili wenye mafuta mengi huificha vitamini D ndani ya mafuta hayo, nazo figo zilizochoshwa na sukari hushindwa kuimalizia. Mambo haya yote humkuta mtu yuleyule, na kuyatenganisha si kazi ndogo.

Labda utasema, sisi wa ikweta jua tunalo tele. Ni kweli kwa anayeshinda nje: watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, matokeo yakatoka mwaka 2012, walikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, wakati maabara nyingi huhesabu upungufu kuanzia chini ya 50. Lakini jua linalopita kwenye kioo cha dirisha la ofisi haliitengenezi vitamini hii. Oman na nchi za Ghuba zina jua kali, na bado upungufu umeenea, kwa kuwa joto huwafungia watu ndani na mavazi hufunika ngozi. Ndugu zetu walioko Uingereza wana shida nyingine: kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko ni hafifu mno, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani.

Kwa hiyo kupima ni jambo jema, na upungufu ukionekana utibiwe kwa kipimo cha daktari. Kujinunulia dozi kubwa kwa kukisia ni hatari, maana vitamini D ikizidi hupandisha madini ya kalisi (kalsiamu) kwenye damu na kuumiza figo zilezile. Na anayetumia metformin, dawa ya kushusha sukari, kwa miaka aulizie pia vitamini B12. Dawa hiyo huweza kuishusha, na upungufu wa B12 huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. Kinga yenye ushahidi mzito zaidi bado ni sukari yenyewe: jaribio kubwa la Marekani la mwaka 1993 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza lilionyesha kwamba kuidhibiti kwa makini kulipunguza madhara ya neva kwa asilimia 60.

Ukienda kuota jua, usivue viatu. Mchanga wa ufukweni saa saba mchana huunguza, na mguu wenye ganzi hautakuambia.