Kodi Inayobaki Mkononi: Hesabu ya Kwanza kwa Anayetaka Nyumba ya Kupangisha

Anayetaka kuingia kwenye biashara ya nyumba za kupangisha kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei na kodi ya mwezi. Dalali naye huzidisha kodi hiyo mara 12, akagawanya kwa bei, akampa asilimia ya kupendeza. Hiyo ni faida ghafi, na haitoshi kufanyia uamuzi.

Chukua nyumba ya 100,000, kwa sarafu yoyote unayotumia. Kodi ni 900 kwa mwezi, yaani 10,800 kwa mwaka, na tangazo litasema asilimia 10.8. Sasa ongeza 6,000 za mwanasheria, uthamini na usajili, na 4,000 za rangi na mabomba kabla mpangaji hajaingia. Mtaji wako umeshafika 110,000. Katika mwaka, hesabu kwamba nyumba itakaa tupu mwezi mmoja: zinabaki 9,900. Toa 3,300 za matengenezo, bima, kodi ya majengo na usimamizi. Umebaki na 6,600, sawa na asilimia 6 ya fedha uliyoweka.

Mkopo ndio unaowaumiza wengi. Ukikopa 70,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa miaka 20, rejesho ni kama 771 kila mwezi, karibu 9,250 kwa mwaka. Hata mpangaji wako akiwa mwaminifu, asiyechelewesha kodi, bado utatoa takriban 2,650 mfukoni kila mwaka. Kwa masharti hayo, nyumba hii inaweza kubeba mkopo wa 50,000 hivi, na hapo haikuachii kitu. Utaambiwa thamani itapanda na kufidia pengo. Huenda ikapanda, lakini benki inadai kila mwezi, na ongezeko la thamani halilipi rejesho. Kwa anayeanza tunashauri wazi: nyumba isiyojilipia kwa kodi ya leo, iache.

Ikipita kwenye hesabu, nenda ukaione, ikiwezekana mvua ikiwa imetoka kunyesha. Ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya huku mingine ikiwa imechakaa, uguse: unyevu hujificha hapo. Fungua mabomba yote kwa pamoja uone kasi ya maji. Zungumza na wapangaji waliomo. Wanajua choo kinachoziba na jirani mwenye kelele kuliko muuzaji atakavyokueleza.

Nyaraka usimwachie dalali. Mwanasheria wako mwenyewe, asiye wa muuzaji, athibitishe kwenye ofisi ya usajili kwamba jina la kwenye hati ndilo la anayeuza, na kwamba nyumba haijawekwa rehani wala haina kesi. Usitoe hata malipo ya awali kabla ya hapo.

Baada ya kununua, tenga akiba ya angalau miezi mitatu ya gharama na marejesho. Paa halisubiri mshahara.

Mpangaji mpya akija, ulizia kipato chake na alikotoka, kisha mwandikiane mkataba, hata akiwa ndugu. Siku ya kumkabidhi funguo, pitieni chumba kwa chumba, mpige picha, muandike usomaji wa mita za maji na umeme, wote wawili mtie saini. Amana yake, yaani fedha ya dhamana anayokuachia, iweke kwenye akaunti tofauti na yako, maana ni fedha yake, ya kurudishwa siku atakapohama.