Ukishasajili dai juu ya nyumba, siku 90 zimeanza kukimbia

Mafundi wengi ninaowatetea hapa California hunijia wakiwa tayari wamesajili dai lao katika ofisi ya kaunti. Jiko limejengwa, vigae vimewekwa, mwenye nyumba amegoma kulipa, basi fundi amesajili dai juu ya nyumba ile na sasa anangoja. Kungoja huko ndiko kunakomponza.

Haki yenyewe ni nzito, kwani imeandikwa katika Katiba ya jimbo, ibara ya 14: aliyetoa kazi au vifaa ana dai juu ya mali aliyoijenga. Lakini kusajili hakuleti hela. Kunamtatiza tu mwenye nyumba anapotaka kuuza au kukopa. Kinacholeta hela ni kesi ya kuiomba mahakama iamuru nyumba iuzwe ili ulipwe, na lazima uifungue ndani ya siku 90 tangu tarehe ya kusajili. Zikipita, dai limekufa. Mwenye nyumba anaweza hata kwenda mahakamani lifutwe, na ukishindwa ukamlipia wakili wake.

Hapa ndipo ahadi zinapowaumiza watu. "Subiri mwezi ujao, nitakulipa." Maneno ya mdomo hayasogezi tarehe hata kwa siku moja. Kama kweli mnakubaliana usubiri, muandike, na taarifa ya makubaliano hayo isajiliwe kaunti kabla ya siku hizo 90 kuisha. Hata hivyo, kesi haiwezi kuvuka mwaka mmoja tangu kazi ilipokamilika. Mwenye nyumba akikataa kutia saini, fungua kesi. Mazungumzo yanaweza kuendelea kesi ikiwa mahakamani, na mara nyingi huenda vizuri zaidi.

Ukishafungua, una siku 20 za kusajili taarifa kwamba mali hiyo ina kesi. Usishtuke upande wa pili ukiweka dhamana ya asilimia 125 ya dai ili kuikomboa nyumba. Hapo unadai kwenye dhamana, na kwa maoni yangu hiyo ni afadhali kuliko kusubiri mnada.

Mkandarasi mdogo, yaani aliyepewa kazi na mkandarasi mkuu, awe mwangalifu maradufu. Hana mkataba na mwenye nyumba, kwa hiyo dai likifa, kwa kawaida anabaki kumfukuza mkandarasi mkuu peke yake. Tena anatakiwa awe ametoa notisi ya awali, yaani taarifa ya maandishi ya kumjulisha mwenye nyumba kwamba yumo kazini, ndani ya siku 20 tangu alipoanza kazi. Akichelewa, anapoteza haki ya dai juu ya nyumba kwa kazi aliyoifanya zaidi ya siku 20 kabla ya notisi. Na anayefanya kazi inayohitaji leseni bila kuwa nayo hawezi kudai malipo mahakamani, hata kama kazi yake ni safi.

Majengo ya serikali hayashikwi kwa dai la namna hii. Huko unaitumia idara husika notisi ya kuzuia malipo, ili izuie hela za mkandarasi mkuu, au unadai kwenye dhamana ya malipo ya mkandarasi mkuu.