Je, wajua kwa nini fundi rangi anaweza kuishiwa hela wakati ana kazi nyingi kuliko zamani?

Swali hili nililijibu vibaya kwa miaka. Nilikuwa napaka nyumba za watu, sebule, vyumba, kuta za nje, na kila nikipita kwenye jengo la ofisi au ghala nawaza ile ni nyumba tu iliyozidi ukubwa, kwa hiyo ukitaka kuingia huko ongeza vijana, ongeza ngazi, tafuta mashine ya kupulizia, basi. Na nikisikia kampuni ya rangi imepata jengo kubwa halafu baada ya miezi miwili vijana wanadai mishahara, nasema hapo bosi kala hela au alitoa bei ya hasara. Inatokea kweli. Ila mara nyingi bei ilikuwa nzuri, faida ilikuwepo, na hakuna aliyekula kitu.

Tuanze na hilo la ukubwa maana ndilo linalopoteza wengi. Kwenye kupaka kwenyewe, jengo kubwa mara nyingi ni rahisi kuliko nyumba: kuta ndefu, kona chache, hakuna makabati ya kusogeza wala kochi la kufunika. Mashine ya kupulizia inasukuma rangi kwa presha kubwa kupitia tundu dogo sana na kazi ya siku nzima ya rola inaisha asubuhi moja (presha hiyo inaweza kupenyeza rangi ndani ya ngozi, kwa hiyo aliyejipiga kidoleni apelekwe hospitali hapo hapo hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano).

Kinachobadilika ni mambo ya pembeni. Kuna zabuni, kuna bima, kuna kufanya kazi usiku ili ofisi ifunguliwe asubuhi bila harufu. Na kuna karatasi ya masharti ya kazi. Nyumbani mteja anaangalia ukuta kwa macho, akiona umefunika vizuri anaridhika. Kwenye majengo ya biashara, hasa sehemu za chuma na sakafu, karatasi inaweza kutaja unene wa rangi ikishakauka, kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Lita 1 ikipakwa kwa unene wa mikroni 100 ikiwa mbichi inafunika mita 10 za mraba. Lakini kama nusu ya rangi hiyo ni kimiminika kinachopotea hewani, zikikauka zinabaki mikroni 50. Karatasi ikidai 100 kavu, lita ile ile inafunika mita 5 tu, na hapo hujahesabu inayomwagika wala inayobaki kwenye ndoo. Aliyekadiria kwa mazoea ya nyumbani kaleta nusu ya mzigo.

Hayo yote ukikaa chini unajifunza. Kinachoangusha watu ni kitu kingine kabisa, nacho ni tarehe ya hela kuingia.

Chukua kazi moja yenye thamani ya mafungu 100, gharama zake 80, faida 20. Nyumbani utaratibu wa kawaida ni mteja anatoa kianzio, tuseme 40, unanunua rangi na kulipa vijana, ukifika katikati anatoa 40 nyingine, ukimaliza anatoa 20. Ukifuatilia hesabu hiyo utaona kwamba hakuna siku hata moja ulipoingiza mkono kwenye hela yako. Mteja ndiye aliyekuwa anaigharamia kazi, na wengi wetu tumefanya hivyo miaka bila kugundua.

Sasa kazi hiyo hiyo, thamani ile ile, faida ile ile, ila ni ya jengo la biashara na inachukua miezi 2. Mwezi wa kwanza unatumia 40. Mwisho wa mwezi unapeleka invoisi ya 50, inakaguliwa, inalipwa baada ya siku 30. Wakati inasubiri kazi haisimami, mwezi wa pili unatumia 40 nyingine. Jumla 80 zimetoka mfukoni kwako na bado hujaona hata senti. Ndipo inaingia 45, sio 50, kwa sababu mkataba unaruhusu asilimia 10 ishikiliwe kama dhamana mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe, na muda huo unaweza kuwa mwaka mzima. Mwezi unaofuata inaingia 45 ya pili. Sasa una 10 mkononi na 10 nyingine iko kwa mteja, yaani nusu ya faida yako yote inakaa kwake ikisubiri kuona kama ukuta utabambuka.

Mimi nilikuja kuelewa nilipofikiria bomba la maji. Unamimina maji upande mmoja, upande wa pili hakitoki kitu mpaka bomba lote lijae. Maji yaliyo ndani ni yako, hayajapotea, lakini huwezi kuyanywa. Siku za kusubiri malipo ndio urefu wa bomba, ukubwa wa kazi ndio upana wake. Bomba likiwa refu na pana kwa pamoja linameza maji mengi mno kabla ya tone la kwanza. Ile asilimia 10 ni kama bonde kwenye bomba, maji yanatuama pale hata baada ya mengine kupita.

Na hapa ndipo panaponifurahisha mpaka leo. Ukipata kazi ya pili kubwa kabla ya kwanza haijalipa, umeongeza bomba la pili, nalo linataka kujazwa kutoka kwenye ndoo ile ile. Kwa hiyo biashara ikikua akaunti inakauka, na biashara ikipungua akaunti inanenepa, kwa sababu hakuna bomba jipya la kujaza na yale ya zamani yanamwaga. Mtu anaangalia salio kubwa anadhani mambo yamekaa vizuri, kumbe kazi zimeisha.

Ila mikataba haifanani. Kuna wateja wanaotoa malipo ya awali ukileta dhamana ya benki, yaani ahadi ya benki kuwarudishia hela yao ukishindwa kazi, na kazi ndogo za biashara kama kupaka upya duka moja zinaweza kulipwa haraka kama za nyumbani, ndiyo maana mimi naona huko ndiko pa kuanzia. Pia kuna mikataba inayorudisha nusu ya hela iliyoshikiliwa kazi inapokamilika.

Kitu cha kuomba kabla ya kusaini, na wengi hawaombi kwa sababu wanapigania bei tu, ni kupeleka invoisi kila wiki 2 badala ya kila mwezi. Kwenye mfano wetu utatumia 20 kila wiki 2, na malipo ya kwanza yanafika takriban mwisho wa wiki ya 6 ukiwa umetoa 60. Shimo limepungua kutoka 80 hadi 60, na bei haijaguswa.