Mpole si mnyonge: dhana potofu kuhusu uongozi tunazozisikia huku ziwani

Ukikaa na viongozi wa vikundi hapa Mwanza, wawe wa BMU (vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki), wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), wa kwaya au wasimamizi wa zamu viwandani, utasikia maneno yaleyale yakirudiwa kama sheria. Watu hawaendi bila fimbo. Huruma inaua kikundi. Rushwa ni ile ya mamilioni. Wengi wanaosema hivyo si watu wabaya, wameyakuta maneno hayo wakayapokea. Lakini yana gharama, na ningependa tuyatazame moja baada ya jingine bila kuoneana haya.

Dhana: Kiongozi mpole hudharauliwa. Watu wa ziwa wanamtaka mkali.

Dhana hii tumeipamba hadi kwa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na ni kweli mtumbwi hauendi kwa manahodha wawili. Upepo ukichafuka katikati ya maji hakuna kikao wala kura, anasema mmoja na wengine wanafuata. Ila kutoa amri ni jambo moja, na kuogopwa ni jambo jingine.

Mfikirie kijana aliyeajiriwa kwenye mtumbwi wa dagaa. Giza limeingia, taa zimewashwa, na yeye anaona maji yakipenya pale kalafati ilipolegea kati ya mbao mbili. Anakumbuka mwenzake aliyesema jambo kama hilo safari iliyopita akajibiwa, mbele ya wote, kwamba kama anaogopa maji arudi kwao akalime pamba. Basi naye hasemi. Anachukua dumu lililokatwa, anachota kimyakimya, anamwaga nje. Nahodha kule nyuma kwenye injini anajua mtumbwi wake ni mzima. Ukali wake haujampa heshima. Umemnyima habari, tena habari ambayo uhai wake mwenyewe unaitegemea.

Jambo hili limechunguzwa pia mbali na ziwa. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alifuatilia makosa ya utoaji dawa katika timu za wauguzi hospitalini. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: timu hizo ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba zaidi aliona kuwa huenda hazikuwa zikikosea kuliko wengine, bali watu wake waliweza kusema bila kuogopa kudhalilishwa, na kosa lililosemwa mapema linarekebishika. Kwenye timu za mabosi wakali makosa yalikuwepo, yamefunikwa.

Sisi wa huku hatuhitaji kwenda Marekani kulielewa hilo. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430, na waliokufa peke yao walizidi idadi hiyo. Wengi wao wamelala pale makaburini Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka jirani na Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Chombo hakijazwi hivyo na mtu mmoja. Kuna anayekata tiketi, kuna anayefungua geti, kuna anayepanga mizigo, na kila mmoja ana macho. Kwa hiyo ukiwa kiongozi wa chombo chochote, hata basi la kwenda Magu, jiulize swali hili: aliye chini yangu kabisa akiona tumejaa, atanifikiaje, na akinifikia nitampokeaje? Kama jibu lako ni "anajua mwenyewe", hajui.

Dhana: Huruma ni kumsamehe kila mwenye shida.

Hapa wanaoteseka zaidi ni wenyeviti wa vikundi vya kuweka na kukopa, hasa vya akina mama wauza dagaa. Mwanachama alikopa, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo dagaa wakiwa wameanikwa, wakaoza. Siku ya marejesho anakuja na machozi. Mwenyekiti mwenye moyo anasema, "Mwacheni mama huyu, tumsamehe." Wenzake wananyamaza kwa sababu nani atapinga huruma hadharani? Baada ya miezi miwili wanaacha kununua hisa, na hakuna anayetaja sababu.

Ukweli ni kwamba yule mwenyekiti alitoa sadaka kwa fedha isiyo yake. Fedha ya mkopo ni hisa za watu wengine, na baadhi yao wana shida kumzidi yule aliyelia, ila hawalii. VICOBA ilishaliona hili tangu mwanzo, ndiyo maana kuna mfuko wa jamii unaochangiwa kila kikao, mbali na hisa, kwa ajili ya ugonjwa, msiba na majanga. Huruma ilishatengewa fungu lake. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ili moyo mwema wa mmoja, sawa na tamaa ya mmoja, usiweze kulifungua.

Kiongozi mwenye huruma hasa hufanya kazi yake kabla ya kikao. Akisikia dagaa wa mama fulani wameharibika, anamfuata nyumbani na mweka hazina, wanakaa, wanauliza: umebakiwa na nini, unaweza kurejesha kiasi gani na lini? Wanakubaliana jambo la kuwapelekea wanachama, kwa mfano kuongezewa muda kwa kadiri katiba inavyoruhusu, na msaada kutoka mfuko wa jamii. Siku ya kikao mama yule hasimamishwi kama mshitakiwa, wala hana haja ya kulia. Na mwanachama mwingine akipatwa na hilohilo mwezi ujao, anajua atatendewa vilevile. Huo ndio upole ninaouheshimu. Unachosha, unakula jioni za watu, lakini kikundi kinabaki kimesimama.

Dhana: Haki ni kumtendea kila mtu sawasawa, na mambo ya nyumbani yabaki nyumbani.

Inasikika vizuri, lakini hata sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, kisha anaporudi kazini anayo haki ya muda wa kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Aliyefiwa na mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu wa tumbo moja ana angalau siku 4. Mgonjwa ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Bunge lenyewe limekubali kwamba mfanyakazi ana nyumba.

Nimesikia wasimamizi wakitoa siku hizo nne kwa namna inayomfanya mfiwa ajione mwizi. "Haya nenda, lakini kazi unaiona." Siku zile ni zake kisheria, hukumpa wewe. Ulichoweza kumpa ni neno la pole na nafasi ya kuondoka bila woga, na hicho ndicho ulichomnyima. Atarudi, atafanya kazi, na siku mashine ikianza kutoa mlio usio wa kawaida hatakuwa wa kwanza kukwambia.

Dhana: Uadilifu ni kutokula rushwa kubwa.

Mkono mtupu haulambwi, tunasema, na sangara mmoja mezani kwa kiongozi wa mwalo anaitwa asante. Tatizo si samaki. Tatizo ni jioni utakapokuta kokoro, wavu uliokatazwa, ndani ya mtumbwi wa aliyekuletea samaki. Utafunga jicho, au utaonekana huna fadhila. Vivyo hivyo kiongozi anayehubiri dhidi ya nyavu haramu ilhali shemeji yake anazo: hata asipopokea shilingi, wavuvi wote wanajua, na kila anapokamata mtu wanamsoma usoni. Jambo la kiadilifu ni kutangaza mwenyewe, kwenye mkutano, kwamba mtumbwi ule ni wa nyumbani kwangu, na ukihusika aamue mwingine. Viongozi wa umma wanatakiwa na sheria ya mwaka 1995 kutamka mali na madeni yao kwa Sekretarieti ya Maadili. Kiongozi wa mwalo anaweza kulifanya hilo kwa hiari, kwa sentensi moja.

Kuna rushwa nyingine tunayoona haya kuitaja. Mwanamke anayetegemea samaki wa mtu ili auze siku hiyo yuko mikononi mwa mwenye samaki, na wapo wanaomtoza mwili wake. Upande wa Kenya desturi hiyo imepewa hadi jina, jaboya, na pale Nduru karibu na Kisumu wanawake walitafuta mitumbwi yao wenyewe ili wajitoe humo. Kwetu, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono waziwazi kwa yeyote anayetumia mamlaka yake kuidai. Mwenyekiti anayejua na kusema "hayo ni ya watu wazima wawili" amekwisha kuchagua upande.

Dhana: Kiongozi huzaliwa. Hapana. Kusikiliza, kuuliza, kutunza siri na kusema hapana kwa adabu ni mambo ya kujifunza, na nimeona watu wenye haya nyingi wakiyaweza kuliko wasemaji.

Dhana: Anayejiuzulu amekiri kosa, na amekwisha.

Mfano wa kuivunja dhana hii umetoka hukuhuku. Mwaka 1976 watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi walikamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola kwa mateso. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumgusa mtu, hakuwepo. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, na mwaka 1977 alijiuzulu.

Waliodhani amezikwa kisiasa walikosea. Alitumwa Misri kuwa balozi, akarudi serikalini, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akampokea Mwalimu Nyerere urais wa Muungano. Lililo kubwa kwangu, hata hivyo, si cheo alichopata baadaye. Waliokufa walikuwa watu wa kawaida, wengine wakidhaniwa ni wauaji, watu ambao ilikuwa rahisi kusema wamejitakia. Kujiuzulu kwa waziri kulisema kwamba uhai wao ulikuwa na thamani ya cheo chake. Ukiongoza watu hamsini tu, siku mmoja akiumizwa na aliye chini yako, swali la kwanza la wenzake halitakuwa nani alifanya. Watakutazama wewe unasemaje.

Dhana: Ushahidi ukiwa wazi, kumsikiliza mtuhumiwa ni kupoteza muda.

Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zinazokwenda na ile sheria ya ajira, zinataka mfanyakazi apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, na awe na haki ya kuja na mwakilishi au mwenzake. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa wana hakika. Kisha kesi inafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri aliyekuwa na ushahidi wote anaamriwa kulipa fidia kwa kukosa utaratibu.

Vikundi visivyo na ajira havibanwi na kanuni hizo, lakini vinaweza kuziazima. Mweka hazina akidaiwa pengo la fedha, mpe siku mbili na daftari lake, aje na mtu anayemwamini, asomewe tarakimu moja moja mbele ya watu wachache. Mara nyingine pengo ni wizi, na atachukuliwa hatua akiwa amesikilizwa. Mara nyingine ni marejesho yaliyoandikwa kwenye ukurasa usio wake, na mnakuwa mmejiepusha na kumchafua mama wa watu mwalo mzima.