Skeli Si Ukubwa: Maana ya 1:12 katika Samani za Wanasesere

Skeli ni uwiano kati ya vipimo vya kitu cha mfano na vipimo vya kitu chenyewe. Samani za mwanasesere zikisemwa kuwa ni za skeli ya 1:12, maana yake ni kwamba kila sentimita 1 ya kiti cha mfano inasimama badala ya sentimita 12 za kiti cha kukalia. Aliyesoma ramani shuleni anaijua hesabu hii, na sina haja ya kuikalia zaidi.

Kinachonifanya niandike ni mazoea yaliyoenea hapa Unguja, miongoni mwa wanaotengeneza na kuuza samani za watoto wa bandia kwa maboksi, vijiti na gundi, ya kulitumia neno hili kama kwamba ni jina jingine la udogo. Utaoneshwa kabati linaloenea kiganjani uambiwe kuwa ni "la skeli", na ukiuliza skeli gani, jibu ni kwamba si unaliona lenyewe lilivyo dogo. Wauzaji watanisamehe, lakini udogo peke yake hauthibitishi kitu. Kigoda nacho ni kidogo, wala hakuna anayekiita mfano wa kiti, kwa sababu udogo wake umekusudiwa mtu mzima wa kawaida anayekikalia uani akichambua mchele. Kiti cha skeli kinamngoja mkaaji mwingine kabisa, aliyepunguzwa kwa uwiano uleule, na kwa hiyo vipimo vyake vyote vimepungua pamoja: kimo, upana, kina, unene wa ubao, unene wa miguu, hata nafasi iliyopo baina ya fito za mgongo wake.

Ni katika unene ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ubao wa kabati la nyumbani huwa na unene wa milimita 18 hadi 25, ambao ukigawanywa kwa 12 unabaki milimita 1.5 hadi 2 tu. Boksi la katoni lenye mawimbi ndani lina milimita 3 au 4, na mafundi wengi hubandika tabaka mbili ili lisipinde, wakapata milimita 7. Sasa hesabu hiyo irudishwe kinyume: milimita 7 mara 12 ni 84, yaani mwanasesere amewekewa chumbani mwake kabati la mbao zenye unene unaozidi sentimita 8, kama kuta za choo cha matofali. Kimo kinaweza kuwa sahihi, milango ikafunguka vizuri, rangi ikakolea, na bado jicho likakataa bila mwenye jicho kujua sababu. Tiba yake ni rahisi na haiongezi gharama. Karatasi ngumu ya boksi la viatu ina unene wa karibu milimita 1, na tabaka zake mbili, zikipakwa gundi nyeupe na kulaliwa na kitabu kizito usiku kucha, hutoa ubao wa milimita 2 ulionyooka.

Vijiti vya aiskrimu, ambavyo watu huvidharau, vimefika hapo bila ya kuguswa. Kijiti cha kawaida kina unene wa milimita 2 na upana wa milimita 10, na kwa skeli ya 1:12 kinasimama badala ya ubao wa milimita 24 kwa sentimita 12, kipimo ambacho seremala yeyote angekikubali kwa meza au benchi. Lakini kijiti hichohicho kikitumiwa katika samani za 1:6 kinakuwa ubao wa milimita 12 kwa sentimita 6, ambao ni mwembamba mno kwa meza ya kulia, ingawa unafaa kwa kreti ya soda. Kijiti hakikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni uwiano.

Mwenye kuogopa hesabu amwendee seremala. Maseremala wetu bado huuza vitanda kwa futi, tano kwa sita au nne kwa sita, na kwa kuwa futi 1 ni inchi 12, katika skeli ya 1:12 kila futi inageuka kuwa inchi moja. Kitanda cha tano kwa sita kinakuwa cha inchi 5 kwa inchi 6, basi. Wepesi huu ndio ulioifanya 1:12 ipendwe na Waingereza. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924, ambayo sasa imewekwa katika kasri la Windsor, ni ya skeli hiyo. Nasi tunaweza kuitumia kwa kitanda cha samadari: miguu yake ya kukereza hupatikana kwa kutunga kwenye waya shanga za milimita 5, zikipishana na za milimita 3, na mguu wa namna hiyo unasimama badala ya mguu wa sentimita 6 katika sehemu zake nene. Kwenye sanduku la misumari ya shaba, hata hivyo, pini zenye vichwa zisitumike. Kichwa cha pini cha milimita 2 kinakuwa msumari wenye kichwa cha milimita 24. Afadhali nukta za rangi ya dhahabu zinazotiwa kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno.

Nguo nazo zina matata yake. Wengi hukata kipande cha kanga kuukuu wakakitandika juu ya kitanda, na kitanda kikawa cha Kizanzibari kwa rangi lakini si kwa skeli. Korosho ya kanga yenye urefu wa sentimita 10 inakuwa, juu ya kitanda cha 1:12, korosho ya sentimita 120, inayomfunika aliyelala kutoka kifuani hadi miguuni. Hanchifu yenye vidoto hukaa vizuri zaidi, na mwenye subira anaweza kuchora pindo na mji kwa kalamu juu ya kipande cha melimeli cha sentimita 8 kwa 12, ambacho ni karibu na kipimo cha kanga iliyopunguzwa. Hata hapo kitambaa kitasimama kama ubawa wa kuku, kwa sababu nyuzi zake hazikupunguzwa, na itabidi kilowekwe katika gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji na kikaushwe kikiwa kimelazwa juu ya godoro lenyewe.

Kuna pia wanaodhani kuwa 1:6 ni ndogo kuliko 1:12 kwa kuwa sita ni ndogo kuliko kumi na mbili. Sivyo: sehemu moja ya sita ni kubwa kuliko sehemu moja ya kumi na mbili, na meza ya sentimita 75 ina kimo cha sentimita 12.5 katika 1:6, na 6.25 tu katika 1:12.

Kwa hiyo mteja anapouliza, kama wanavyouliza wengi, "Skeli ya kitanda hiki ni inchi ngapi?", asichekwe, ila aelezwe taratibu kuwa skeli haina inchi wala sentimita, bali kitanda ndicho chenye inchi. Kisha aulizwe mtoto wake wa bandia ana urefu gani. Akiwa na sentimita 29, kama alivyo Barbie, basi mara 6 anafika sentimita 174, kimo cha mtu mzima, na samani zake ni za 1:6. Akiwa na sentimita 14, atafutiwe za 1:12.