Tiba kwa vitendo wodini: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: "Huyo ni mtu wa mazoezi."

Hii ndiyo dhana kuhusu sisi watoa tiba kwa vitendo inayovuma kuliko zote, hata kwa baadhi ya watumishi wenzetu. Mfiziotherapia na mtoa tiba kwa vitendo hukutana kitanda kimoja, mara nyingine wakashika mkono uleule, ila pale hospitali ya KCMC, Moshi, kila fani ina shule yake. Mwenzangu anaangalia zaidi nguvu, viungo na mwendo. Mimi nataka kujua kama mama huyu wa Bahi ataweza kuoga, kufunga khanga na kusonga ugali akirudi kwake. Ndiyo maana asubuhi utanikuta wodini na beseni la maji na mswaki.

Chukua kiharusi. Ubongo ukiumia upande wa kulia, mwili hupooza kushoto, na baadhi ya wagonjwa huacha kabisa kuutambua upande huo. Anakula wali wa kulia mwa sahani, wa kushoto anaubakiza, halafu analalamika kaletewa kidogo. Ndugu wanasema mzee amekuwa msumbufu. Izungushe sahani, utaona anaendelea kula. Macho yake huenda hayana shida yoyote. Ni ubongo uliosahau kuangalia kule. Kupima nguvu za misuli hakukuonyeshi jambo hilo. Utaligundua umekaa naye akila.

Dhana: "Apone kwanza, hayo mengine baadaye."

Baadaye huwa tumechelewa. Wodi ya majeraha ya moto hapa kwetu hupokea watoto waliomwagikiwa uji au maji ya moto, na watu wenye kifafa walioangukia mafigani. Aliyeungua hukunja kiungo kile kwa namna inayompunguzia maumivu, na kovu linapokomaa linavuta na kukikaza kiungo palepale. Kwa mgongo wa mkono ulioungua, gango, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kiungo, huwekwa siku za mwanzo kabisa: kifundo cha mkono kimeinuliwa kidogo kwa nyuma, vidole vimekunjwa pale vinapoanzia kiganjani, lakini vyenyewe vimenyooka. Ikikosekana ile plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto, plasta ya kufungia mifupa inatosha.

Mtoto aliyeungua shingo kwa mbele halalii mto, kwa sababu mto unainamisha kidevu kifuani, na kovu litakishikilia hapohapo. Bibi ameuleta kutoka nyumbani kwa huruma. "Shikamoo bibi, naomba huu mto tuutoe." Ananitazama kama sina utu. Namweleza taratibu, nikijua nikiondoka unaweza kurudi, kwa hiyo namwachia muuguzi wa zamu maagizo.

Dhana: "Kumfanyia kila kitu ndiyo kumpenda."

Bila ndugu, wodi zetu zisingeenda, na sisemi wakae pembeni. Wamshikie kikombe, wamwachie akipeleke mdomoni mwenyewe. Kwenye shati, mkono uliopooza huingia kwanza, na wakati wa kuvua hutoka mwisho. Ninachokataza kabisa ni kumwinua kwa kumvuta mkono ule dhaifu, maana bega lisiloshikiliwa na misuli huteguka kirahisi, na maumivu yake hukaa muda mrefu.

Dhana: "Hiyo tiba ni ya Mirembe."

Mkazi wa Dodoma akisema hivi namwelewa; Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa tangu 1927, na kweli fani yetu inafanya kazi kwenye afya ya akili. Haijaishia huko.

Dhana: "Daktari akiruhusu, kazi imekwisha."

Nyumbani kuna choo cha shimo cha kuchuchumaa na kigoda cha jikoni. Mtu aliyewekewa nyonga bandia, kutegemea alivyopasuliwa, anaweza kukatazwa kwa wiki kadhaa kukunja nyonga kupita pembe mraba, na kuchuchumaa kunapita hapo. Kwa hiyo kabla ya siku ya kuruhusiwa namwomba ndugu apige picha ya choo, mlango na kitanda kwa simu. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinafaa juu ya shimo kwa mtu mwepesi, sharti miguu yake isimame kwenye sakafu ngumu. Kwa mzito, au pale sakafu ni udongo, fundi seremala atengeneze cha mbao, chenye mikono ya kujishikilia, na kimo kiwe cha kuacha magoti chini kidogo ya nyonga.