Maana ya kuanzia chuo cha jamii kabla ya kuomba chuo cha udaktari Marekani

Nchini Marekani, kuanzia chuo cha jamii maana yake ni mwanafunzi kusoma sehemu ya kozi za shahada yake ya kwanza, zikiwemo mara nyingi zile za sayansi zinazodaiwa na vyuo vya udaktari, katika chuo cha umma cha miaka miwili kilicho karibu na nyumbani, kisha kuhamia chuo kikuu ili kuimalizia shahada hiyo, na ndipo aombe nafasi ya kusomea udaktari. Dhana hii huwatatiza wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, kwa sababu ngazi za kule hazilingani na zetu. Tanzania, kijana aliyefaulu mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia katika kidato cha sita anaweza kuingia Muhimbili moja kwa moja, akasoma miaka mitano, kisha akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Marekani, ukiacha programu chache maalumu, mlango huo haupo. Chuo cha udaktari kwao ni cha miaka minne na huanza baada ya mtu kupata shahada ya kwanza. Kwa hiyo mzazi aliyeko Kigoma au Mombasa akiambiwa kwamba mwanawe yuko chuo cha jamii na anajiandaa kwa udaktari, aelewe kwamba mtoto yuko mwanzoni kabisa mwa safari ndefu, na kwamba yuko pahali halali pa kuianzia.

Jina lenyewe linahitaji tahadhari. Chuo cha jamii cha Marekani hakifanani na vyuo vya maendeleo ya jamii vya Tanzania, ambavyo huandaa maofisa wa fani hiyo, wala na vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975 kufundisha ufundi na elimu ya watu wazima vijijini. Chuo kikongwe zaidi cha umma cha aina hii ambacho bado kipo kilifunguliwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kwa lengo la kuwapa vijana miaka miwili ya kwanza ya masomo ya chuo kikuu bila kuondoka kwao. Jina la chuo cha jamii lilienea baada ya ripoti ya tume iliyoundwa na Rais Harry Truman, iliyotolewa mwaka 1947. Tangu hapo msingi haujabadilika: ada ni ndogo, masomo ya jioni yapo, na kwa kawaida yeyote aliyemaliza sekondari hupokelewa bila kushindania nafasi. Ndiyo maana vyuo hivi vimekuwa mlango wa kwanza kwa wahamiaji wengi wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo familia za Kikongo na Kirundi zilizopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, ambamo kijana hufanya kazi ya kuhudumia wazee usiku na kuhudhuria darasa la kemia asubuhi.

Maandalizi ya udaktari si shahada yenye jina lake. Mwanafunzi anaweza kuhitimu historia au muziki, mradi awe amesoma kozi zinazodaiwa, ambazo kwa vyuo vingi ni mwaka mmoja wa baiolojia, mwaka mmoja wa kemia ya jumla, mwaka mmoja wa kemia ogania na mwaka mmoja wa fizikia, zote zikiwa na maabara, pamoja na biokemia, Kiingereza na hesabu au takwimu. Nyingi kati ya hizo hufundishwa katika vyuo vya jamii. Biokemia kwa kawaida husubiri chuo kikuu, na jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa mtihani wa kuingilia udaktari, MCAT, unaotoa alama kati ya 472 na 528, umetilia mkazo biokemia tangu ulipoandikwa upya mwaka 2015, na kuongezewa saikolojia na sosholojia.

Sababu kubwa inayowapeleka watu huko ni fedha, na haina aibu yoyote. California, jimbo lenye vyuo vya jamii 116, hutoza mkazi wake dola 46 kwa kila krediti moja, yaani kipimo cha uzito wa kozi. Krediti 60 za miaka miwili ya kwanza humgharimu dola 2,760, bila kuhesabu vitabu na nauli, ilhali ada ya mwaka mmoja tu katika Chuo Kikuu cha California inapita dola 13,000. Kwa mtu ambaye mbele yake kuna miaka minne ya udaktari, ambayo wengi huilipia kwa mikopo mizito, tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo wakimbizi na wakazi wa kudumu wenye kipato kidogo wanaweza kuiomba, nayo husaidia, ila ina kikomo cha mihula 12 maishani, na mihula ya chuo cha jamii huhesabiwa humo. Anayezungukazunguka huko miaka minne bila mpango huila ruzuku ambayo angeihitaji chuo kikuu. Mwenye viza ya mwanafunzi hana haki ya ruzuku hiyo, na ada yake huwa mara kadhaa ya ile ya mkazi.

Kiini cha njia hii ni kuhama, na hapo ndipo watu wengi huumia. Kozi iliyofaulu kwa alama ya juu haina faida kamili mpaka chuo kikuu unachokwenda kikubali kwamba inalingana na kozi yake yenyewe. Vyuo huandikiana makubaliano kuhusu jambo hilo, na majimbo mengine huyaweka wazi kwa kila mtu, kama California ambayo ina mfumo wa mtandaoni uitwao ASSIST unaoonyesha kozi kwa kozi ipi inapokelewa wapi. Mwanafunzi anapaswa kuyasoma makubaliano hayo kabla ya kujiandikisha muhula wa kwanza. Mfano wa wazi ni kemia ogania. Baadhi ya vyuo vikuu huihesabu kuwa kozi ya mwaka wa tatu, na huweza kuipokea ile ya chuo cha jamii kama krediti ya kawaida tu, isiyotimiza sharti la shahada, na mwanafunzi akalazimika kuirudia. Kozi zenye sehemu ya kwanza na ya pili ni bora zikamilishwe chuo kimoja, kwa maana mpangilio wa mada hutofautiana na mtu huweza kufundishwa jambo moja mara mbili na jingine asilisikie kabisa.

Jambo la pili, ambalo natamani kila mwanafunzi angeambiwa siku ya kwanza, ni kwamba alama hazifutiki. Maombi mengi ya udaktari hupitia huduma ya pamoja inayoitwa AMCAS, na vyuo vya udaktari wa osteopathia, aina ya pili ya udaktari inayotambuliwa kisheria Marekani, hutumia nyingine, AACOMAS. Huduma hizi hudai hati rasmi ya matokeo kutoka kila chuo cha Marekani alichowahi kusoma mwombaji, hata kama krediti zake zilishahamishwa, na hata kama ilikuwa kozi moja aliyosoma chuo cha jamii akiwa bado sekondari. Zaidi ya hayo, huhesabu kila jaribio. Chukua mwanafunzi aliyepata F katika kozi ya krediti nne, akairudia na kupata A. Chuo chake kinaweza kuiondoa F katika hesabu na kumpa wastani wa 4.0 kwa kozi hiyo. AMCAS, ambayo huipa A pointi 4 kwa kila krediti na F sifuri, itahesabu krediti nane na pointi 16, na wastani utakuwa 2.0. AACOMAS ilikuwa ikichukua alama ya mwisho pekee, lakini iliacha utaratibu huo mwaka 2017. Kwa hiyo kijana anayefanya kazi saa 40 kwa wiki na kujiandikisha kozi tatu za sayansi kwa pamoja, akidhani kwamba makosa ya chuo cha jamii hubaki chuo cha jamii, anajiwekea mzigo ambao ataubeba hadi siku ya kuomba. Ni afadhali asome kozi mbili kwa muhula na kuzifaulu vizuri.

Je, vyuo vya udaktari huidharau njia hii? Jibu linategemea chuo. Vingi hupokea krediti za chuo cha jamii bila masharti, vingine hupendelea kozi za sayansi ziwe za chuo kikuu, na vichache huzikataa, kwa hiyo masharti ya kila chuo lazima yasomwe moja moja. Ukweli ni kwamba waliopita huko ni wengi: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya walioanza masomo ya udaktari mwaka 2012 walikuwa wamesoma chuo cha jamii kwa wakati fulani. Kinachoangaliwa kwa makini ni kile kilichofuata baada ya kuhama. Mwanafunzi aliyepata A za kemia na baiolojia huko, kisha akapata A za biokemia, jenetiki na fiziolojia chuo kikuu, amekwisha kuondoa shaka. Yule ambaye alama zake zilianguka mara tu alipohama huacha swali, na alama ya MCAT pekee huwa vigumu kulijibu.

Kundi moja lina hali ya pekee, nalo ni watu waliokwisha kupata shahada ya sayansi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kabla ya kuhamia Marekani. AMCAS haihakiki alama za vyuo vya nje wala haizijumuishi katika wastani, na vyuo vingi vya udaktari hudai mwombaji wa namna hiyo awe amesoma kiasi fulani cha kozi nchini humo. Kwao chuo cha jamii ni njia rahisi ya kupata rekodi ya Kimarekani, ila waulize kwanza, kwani baadhi ya vyuo hutaka kozi hizo ziwe za chuo cha miaka minne, na vingi havipokei kabisa mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu. Daktari aliyehitimu nyumbani, kwa upande wake, hana sababu ya kurudi kwenye kozi za baiolojia ya mwanzo. Njia yake ni kuthibitishwa shahada yake na ECFMG, shirika linalohakiki madaktari waliosomea nje ya Marekani, kufanya mitihani ya leseni ya USMLE, na kuomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa hospitalini.